Je, Wajua? Shaba ya Kilembe, Ubavuni mwa Milima ya Mwezi

Je, wajua kwamba shaba ya Kilembe, mgodi ulioko juu ya mji wa Kasese magharibi mwa Uganda, ilizaliwa baharini? Leo kutoka hapo hadi ufukwe wa Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000. Lakini wanajiolojia wanaeleza kwamba yapata miaka bilioni 2 iliyopita hapo palikuwa sakafu ya bahari yenye chemchemi za maji moto. Maji hayo yalipenya kwenye nyufa za miamba, yakayeyusha shaba, chuma na kobalti, na yalipokutana na maji baridi ya bahari yakayatua madini hayo pamoja na salfa, tabaka juu ya tabaka. Baadaye joto na mgandamizo wa ardhini vikayakunja matabaka yote na kuyageuza kuwa miamba mingine kabisa.

Na Ruwenzori yenyewe, yaani Milima ya Mwezi ambayo Kilembe iko ubavuni mwake, si volkano. Wengi huichanganya na Kilimanjaro, Mlima Kenya na Elgon, ambayo ilijengwa na moto wa ardhini. Ruwenzori ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, hadi kilele chake cha Margherita kikafika mita 5,109. Mlima ni mchanga, mawe yake ni ya kale mno. Kama si msukumo huo, na kama si mito iliyoukwangua mlima baadaye, shaba ya Kilembe ingebaki imefukiwa mbali na macho ya watu.

Sifa ya kuziona kwanza dalili zake hupewa msafara wa mwaka 1906 wa Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia aliyekuwa na cheo cha Duke wa Abruzzi, ambao ulipanda vilele vikuu vya Ruwenzori. Shaba ikiguswa na hewa na maji huacha rangi ya kijani kwenye jiwe, na rangi hiyo ndiyo huwaonyesha watafutaji wa madini pa kuchimba.

Hata hivyo, ilichukua nusu karne kabla ya uchimbaji kuanza. Sababu ni usafiri na umeme. Mbale, yaani mawe yenye madini, iliyokuwa na shaba isiyotimia hata asilimia 2 isingeweza kubebwa jinsi ilivyo, na kuiyeyusha kulihitaji nguvu nyingi. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na reli kutoka Kampala ikafika Kasese mwaka 1956. Hapo ndipo kampuni ya Kilembe Mines, kwa mtaji wa Wakanada, ilipoanza kazi. Mbale ilisagwa na kuchujwa kulekule magharibi, makinikia yakapakiwa kwenye mabehewa na kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi kiwanda cha kuyeyushia cha Jinja, kisha shaba ghafi ikashuka kwa reli hadi bandari ya Mombasa. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa bidhaa ya tatu kwa kuiletea Uganda fedha za kigeni, nyuma ya kahawa na pamba. Kasese ukawa mji wa reli na wa wachimbaji.

Mambo yaliharibika enzi za Idi Amin. Wageni waliondoka, vipuri vikakosekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukakoma. Kufikia hapo mlima ulikuwa umetolewa karibu tani milioni 16 za mbale.

Je, wajua kwamba kilichotupwa Kilembe kilikuja kuwa mali? Pamoja na shaba, mgodi ulitoa pairiti yenye kobalti, madini ambayo leo yanatafutwa sana kwa ajili ya betri. Wakati ule hayakushughulikiwa. Takriban tani milioni moja za makinikia ya pairiti zilirundikwa karibu na Kasese na kuachwa juani na mvuani kwa miaka mingi. Mwaka 1999 kilifunguliwa hapo kiwanda cha kuitoa kobalti hiyo kwa kutumia bakteria. Viumbe hawa hawali majani wala nyama. Huishi kwa kuimeng'enya pairiti, wakiigeuza salfa yake kuwa tindikali, na kobalti huyeyuka na kutoka. Walifugwa ndani ya matangi makubwa yenye joto la nyuzi arobaini na kitu, wakipulizwa hewa. Hakuna kiwanda kingine duniani kilichokuwa kimetoa kobalti kibiashara kwa njia hiyo kabla yake. Kwangu mimi, huo ni ufundi mmojawapo wa kujivunia zaidi uliowahi kufanyika katika Afrika Mashariki, na unastahili kutajwa shuleni.

Lakini bakteria wa jamii hiyohiyo hawangoji kufungiwa tangini. Kabla kiwanda hakijajengwa, walikuwa tayari kazini kwenye rundo. Kila mvua iliponyesha, tindikali yenye metali ilitiririka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, upande wa Ziwa George, na kuacha ukanda mrefu ambamo miti na majani vilikufa. Kiwanda kililipunguza rundo hilo na hivyo kikaziba chanzo kikubwa cha sumu.

Rundo la Kasese lilipata bahati hiyo. Lakini visusu vya Kilembe, yaani unga wa mawe uliobaki baada ya shaba kuchujwa, bado viko bondeni kando ya mto Nyamwamba. Mto huu hushuka kwa kasi kutoka kwenye vilele, na umefurika vibaya mara kadhaa, mwaka 2013, 2014 na 2020, ukabomoa nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Kila furiko humega visusu na kuvisambaza mashambani. Watafiti waliopima udongo na maji ya bonde hilo wamekuta shaba na kobalti kupita viwango vya kawaida, na watu wanalima na kuteka maji palepale.

Mwaka 2013 Serikali ya Uganda iliukodisha mgodi kwa kampuni ya Kichina kwa miaka 25, ikauvunja mkataba mwaka 2017, na baada ya hapo ikatafuta mwingine wa kuufufua. Shaba bado imo mlimani, na kobalti inawavutia wengi. Yeyote anayekabidhiwa Kilembe na aanze kwa kuvihamisha visusu mbali na mto kabla hajagusa mwamba mpya, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba.