Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake



Wazee wetu wa Kolwezi wangali wanasema: "Gécamines njo baba, njo mama." Ilikuwa kweli. Mtu alipoandikwa kazi, kampuni ilimpa nyumba kule Musonoi, Luilu ao Kapata, ilimpa posho ya bukari, ilisomesha watoto na kutunza wagonjwa. Halafu baba huyo akaugua. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, na mishahara ikaanza kukosekana. Miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa makuta kidogo ili waache kazi. Hapo jamaa nyingi zilijua maana ya kuwa yatima.

Leo makampuni ni mengi. Malori ya shaba na kobalti yanapita mchana na usiku, na vumbi lake linaingia mpaka ndani ya sufuria. Lakini ujue, msomaji: makampuni haya hayakuja kuwa baba yetu. Ni jirani. Baba unamngojea alete. Jirani unakaa naye chini, mnapatana, na kila mmoja anashika neno lake.

Soma Nehemia sura ya 3. Ukuta wa Yerusalema haukujengwa na mtu mmoja. Makuhani walishika kipande chao, wafua dhahabu chao, wachuuzi chao, hata baba mmoja pamoja na binti zake. Wengi walijenga mbele ya nyumba yao wenyewe. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Lakini angalia mstari wa 5: wakubwa wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo kwa kazi. Biblia haikuwaficha.

Je, sisi tuko na kipande gani cha kujenga? Sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 ilituwekea mlango. Kwanza, kila kampuni inayochimba inapaswa kuandika mapatano na wakaaji wanaoguswa na kazi yake. Ndiyo yale tunayoita kaye de sharje. Ndani yake munaandikwa visima, masomo, vituo vya afya, barabara. Pili, kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa kazi za maendeleo ya wakaaji. Hesabu mwenyewe: ikiuza kwa dola milioni 100, hiyo ni dola 300,000. Pesa hizo zinaongozwa na wajumbe wa kampuni pamoja na wajumbe wa wakaaji. Tatu, katika kila dola 100 za kodi ya madini, 15 ni za komini, sekta ao sheferi ambako mgodi uko.

Unaona? Mambo mengi yanategemea wajumbe wetu. Mjumbe akichaguliwa kwa ukabila ao kwa chupa ya bia, kisima kitachimbwa mbele ya mlango wa shemeji yake. Na kama hakuna mtu anayemwuliza, hata kisima chenyewe hakitachimbwa.

Kumbuka Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu, na kartie nzima ikatobolewa mashimo. Mwaka 2017 sehemu yake ilifungwa kwa ukuta, na jamaa nyingi zikahamishwa. Kuhama hivyo ni jambo kubwa: mama anaacha wateja wake, mtoto anaacha masomo, kanisa linapoteza washiriki. Siku ya mapatano kama hayo, jamaa isiyojua haki yake inapokea tu kile inachopewa.

Lakini kuna watu waliokwisha kushika kipande chao. Tangu mwaka 2011 meza ya IDAK imekutanisha watu wa serikali, wa makampuni na wa mashirika ya raia huku Katanga, waseme uso kwa uso. Masista wa Bon Pasteur, tangu mwaka 2012, wamefundisha hapa Kolwezi watoto waliokuwa wanaokota mawe, na kuonyesha wamama kilimo na ushonaji. Ndiyo, wao ni Wakatoliki. Kazi njema haiulizi jina la kanisa. Mwaka 2019 makampuni ya ngambo, pamoja na shirika la GIZ la Ujerumani, walianza kazi Kisote na Kapata ya kusaidia wakaaji na wachimbaji wa mikono.

Na sisi Waprotestanti? Kuomba tunaomba, na tuzidi kuomba. Nehemia pia aliomba, kisha akaenda usiku kuupima ukuta. Basi, fanyeni hivi. Baba na mama, ulizeni kwa shefu wa kartie kama mapatano ya mgodi wenu yameandikwa, na nani alitia sahihi kwa jina lenu. Kijana, wewe unayejua Kifaransa, yasome na uyaeleze kwa Kiswahili mbele ya wazee. Wamama, msikubali halmashauri isiyo na mwanamke, maana ninyi ndio munaobeba bidoni za maji. Wachungaji na mashemasi, mkichaguliwa kuwa wajumbe, toeni hesabu mbele ya watu wote. Nehemia alikuwa liwali miaka 12, hakula posho ya uliwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa.

Shaba itaisha siku moja. Tusiache watoto wetu wabaki na mashimo tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika kartie yetu, kitu gani kinakosekana kwanza: maji, masomo ao dawa?
2. Nani ni mjumbe wetu, na lini alitupa hesabu?
3. Mbele ya nyumba yetu sisi, kipande cha ukuta ni kipi?