Mvumbuzi wa gia za baiskeli aliyefichwa na jina la mwenzake

JINA Sturmey-Archer, lililochapwa kwenye vitovu vya magurudumu ya mamilioni ya baiskeli, linawaenzi wanaume wawili wa Uingereza. Hata hivyo, gia zilizoingia sokoni kwa jina hilo zilibuniwa na mtu wa tatu, William Reilly.

Mhandisi huyo wa Salford alikuwa amekwisha kubuni gia ya kasi mbili kabla ya karne ya 19 kumalizika. Kwa bahati mbaya, mkataba aliotia sahihi uliipa kampuni iliyoiuza gia hiyo haki ya chochote ambacho angevumbua baadaye. Ndiposa alipobuni gia ya kasi tatu, hataza ya mwaka 1902 iliandikishwa kwa jina la James Archer, mwenzake kazini.

Henry Sturmey, mwanahabari wa masuala ya baiskeli na magari, naye alikuwa na hataza yake. Frank Bowden, mmiliki wa kampuni ya baiskeli ya Raleigh mjini Nottingham, alijipatia haki za hataza zote mbili, lakini iliyotengenezwa ni ile ya Reilly. Archer akapata sifa.

Siri ya gia hiyo imo ndani ya kitovu. Gurudumu dogo la meno limekazwa kwenye ekseli, wala halizunguki. Mengine madogo hulizunguka, yakishikana kwa upande wa nje na pete yenye meno ndani yake. Katika aina ya AW, iliyoanza kuuzwa mwaka 1936, mwendeshaji akiweka gia ya juu, tairi huzunguka mara 4 kwa kila mizunguko 3 inayoletwa na mnyororo. Akifika mlimani huweka ya chini, na tairi huzunguka mara 3 kwa mizunguko 4, hivyo miguu hupata nafuu. Gia ya kati haibadilishi chochote.

Kampuni hiyo ilitengeneza pia giaboksi na injini za pikipiki, ikaziacha katika miaka ya 1930.

Kilichoiangusha si ubovu wa bidhaa. Mwaka 2000, kampuni ya Derby, iliyomiliki Raleigh wakati huo, iliiuza kwa Lenark, na miezi michache baadaye ikafilisika. Wafanyakazi wa Nottingham walipoteza ajira. SunRace ya Taiwan ilinunua jina na mitambo, ikaisafirisha hadi Taiwan, ambako gia za kasi tatu zingali zinatengenezwa.