Nguo ya Heshima ya Wayoruba

Ukialikwa harusini, wewe huvaa nguo yako nzuri kuliko zote. Wayoruba nao hufanya hivyo. Hao ni watu wa kusini-magharibi ya Nigeria na wa nchi jirani ya Benin. Nguo yao ya siku kubwa huitwa aso oke. Hufumwa kwa mikono. Mji unaosifika sana kwa kazi hiyo ni Iseyin, katika Jimbo la Oyo.

Mfumaji huketi. Mbele yake zimetandikwa nyuzi ndefu, mita nyingi. Mwisho wa nyuzi hizo hufungwa kwenye kitu kizito, kama jiwe, ili zikaze. Mfumaji hukanyaga kwa miguu. Nyuzi nyingine hupanda, nyingine hushuka. Katikati yake hupitisha uzi mwingine, kulia, kushoto, kulia tena. Kitambaa kinapoongezeka, jiwe huvutwa karibu naye.

Kitambaa hicho ni chembamba. Upana wake ni kama sentimita 10 hadi 15 tu. Kwa hiyo hukatwa vipande, na vipande hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka nguo itimie. Joho la mwanamume, liitwalo agbada, hula vipande vingi sana. Mwanamke naye hutaka nguo ya kujifunga kiunoni, kilemba na mtandio wa begani. Usishangae basi ukisikia kwamba bei yake ni kubwa.

Tangu zamani aina tatu ndizo zenye heshima zaidi. Ya kwanza ni etu. Rangi yake ni buluu iliyoiva, ya mmea wa nili, yenye mistari myembamba myeupe. Etu ni jina la ndege kanga. Sisi pia tuna vazi lenye jina la ndege huyo! Ya pili ni alaari, nyekundu. Hariri yake ililetwa na wafanyabiashara waliovuka jangwa la Sahara. Ya tatu ni sanyan, yenye rangi ya udongo. Hariri yake hutoka kwa viwavi wa porini. Watu huokota vifuko vya viwavi hao mitini, huvichemsha, kisha husokota uzi.

Nguo hizi huvaliwa harusini, mtoto anapopewa jina, mzee anapozikwa na mtu anapopewa cheo cha jadi. Mara nyingi ukoo mzima na marafiki huvaa nguo za namna moja. Desturi hiyo huitwa aso ebi. Ukiwaona, unajua mara moja nani ni wa nani. Lakini kila mmoja hununua yake, na wapo wanaokopa ili wasiachwe nyuma. Hapo furaha ya mmoja huwa deni la mwingine.

Siku hizi wafumaji wengi hutumia nyuzi za kiwandani, nyingine za kumetameta. Viko pia vitambaa vya mashine vinavyoiga aso oke, navyo ni rahisi kwa bei. Ukiagiza sanyan leo, huenda ukapewa pamba au uzi wa kiwandani wenye rangi ileile ya udongo. Sanyan ya viwavi imekuwa adimu. Aliyerithi moja kwa bibi yake huiweka sandukuni, na huitoa siku ya harusi.