Kitabu Kilichoifuata Sumu

Aghalabu vitabu vinavyohimiza hifadhi ya mazingira humlaumu msomaji kabla ya kumfahamisha, naye, maadamu hajaonyeshwa madhara yalipoanzia wala yanapokwenda, huvifunika akarejea katika shughuli zake. Rachel Carson, mtaalamu wa viumbe vya baharini aliyeitumikia serikali ya Marekani miaka mingi katika idara ya samaki na wanyamapori, alishika njia nyingine alipotoa Silent Spring mwezi wa Septemba 1962: aliifuata sumu hatua kwa hatua, mwili hadi mwili, mpaka ikambishia hodi msomaji mwenyewe.

Tazama alivyosimulia habari ya Clear Lake, ziwa la California lililopendwa na wavuvi wa mshipi, ambako usubi, ingawa hawakuuma, waliwakera watu. Mwaka 1949 ikamiminwa humo dawa ya kuua wadudu iliyo jamaa ya DDT, sehemu moja kwa sehemu milioni 70 za maji, kipimo ambacho hakuna aliyekihofu. Usubi waliporejea, dawa ikarudiwa kwa kipimo kikubwa zaidi. Na haukupita muda vibisi, ndege wazamaji waliokuwa wakizaliana pale, wakaanza kufa. Mafuta ya miili yao yalipopimwa, yakakutwa na sehemu 1,600 za sumu katika kila sehemu milioni. Imetoka wapi, ilhali majini haikuwa ikionekana? Carson ajibu kwa utulivu wa mwalimu: viumbe vidogo mno vielezi huifyonza, samaki wadogo wakavila hivyo, wakubwa wakawala wadogo, ndege wakawala samaki, na kwa kuwa sumu hiyo hujificha katika mafuta na haitoki mwilini upesi, kila mlaji hurithi akiba ya wote aliowala. Kisha akumbusha kwamba mvuvi naye, ambaye kwa ajili ya starehe yake dawa ilimiminwa, huenda na samaki wake nyumbani kwa chakula cha jioni.

Wapo waliomtuhumu kuwa alitaka dawa zote zipigwe marufuku, na sisi wa nchi zenye malaria yatupasa kuipima tuhuma hiyo kwa insafu, kwani DDT imeokoa roho nyingi. Hiyo haikuwa rai yake. Alichopinga ni kunyunyiza ovyo, akatoa hadhari kwamba wadudu waliozoea dawa huacha kufa kwayo, wakiwamo mbu wa Anofelesi. Waama, aliyejali tiba ndiye aliyemsikia vizuri zaidi. Mwaka 1963 kamati ya wanasayansi wa Rais Kennedy ilimuunga mkono. Aprili 1964 Carson akafariki kwa saratani, na Marekani ikaikomesha DDT mashambani mwaka 1972.

Kwa upande wetu, Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, alifuata mwenendo huohuo katika Unbowed, kilichotoka mwaka 2006. Asimulia mgumo wa karibu na kwao, Nyeri, ambao mamaye alimkataza kuuokotea kuni, na kijito cha jirani alimochezea mayai ya vyura. Baadaye mti ukakatwa, kijito kikakauka. Alikuja kuelewa kwamba mizizi ya mti ule hupasua miamba hadi kwenye maji ya chini na kuyafungulia njia ya juu, na hapo katazo la mama likadhihirika kuwa na ilimu ndani yake. Kwa mwalimu anayetaka kuwasomesha vijana mambo haya, ningemshauri aanze na kurasa hizo za kijito, kisha awapeleke kwa Carson.