Matuta ya Uluguru na Maji ya Mjini

Asimamaye Kilakala alfajiri na kuukabili mlima huona mambo mawili. La kwanza ni akina mama wateremkao kwa njia nyembamba za milimani, vichwani wamejitwika ndizi, mboga na magimbi, wakiwahi soko la Morogoro kabla jua halijakuwa kali. La pili ni kijito cha Kilakala chenyewe. Wakati wa kiangazi maji yake ni machache na safi. Baada ya mvua kubwa hugeuka mekundu kama tofali. Wekundu ule ni udongo wa shamba la mtu. Vikapu na udongo hutoka mahali pamoja, ila vikapu hulipiwa sokoni, na udongo hulipiwa na yule aliyebaki mlimani na shamba lake.

Maji ya Kilakala huingia Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu. Ruvu ndio mto uwapao maji wakazi wengi wa Dar es Salaam. Kwa hiyo kuli wa bandarini na fundi wa kiwandani, kila afunguapo bomba, hunywa mlima huu, ajue asijue. Ndiyo sababu tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu, hasa wale wa mijini, juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mabwana shamba: namna sayansi ya kilimo ilivyoingia Uluguru, na yale iliyowatenda watu.

Tunaposema sayansi ya kilimo wengi hufikiri mbegu, mbolea na mashine. Uluguru ufundi uliogombaniwa kuliko wote haukuwa na mashine hata moja. Ulikuwa ni jembe la mkono na kamba ya kupimia mtelemko. Hata hivyo ulimwaga damu.

Mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilianza kuendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliojulikana kwa jina fupi la ULUS. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, wala hatuna budi ya kuikana. Wataalamu walikuwa wameona mito ikibeba udongo, mabonde yakijaa mchanga, na mashamba ya mtelemko mkali yakilimwa mwaka baada ya mwaka. Hawakuwa wakiota. Hata Wajerumani kabla yao, mwaka 1909, walitenga misitu ya vilele kwa sababu waliona kwamba maji ya nchi ya chini hutoka huko. Dawa iliyochaguliwa na ULUS ilikuwa matuta mapana, yaani mlima kukatwa ngazi kwa ngazi kama vidaraja vya nyumba, ili mvua isikimbie na udongo. Pamoja na hayo kulikuwa na katazo la kuchoma moto mashamba. Mkulima hakuombwa, aliamriwa. Aliyekaidi alipelekwa barazani akatozwa faini. Na watawala wa kienyeji, ambao watu waliwatazamia kuwa wasemaji wao, ndio waliotumwa kuisimamia amri hiyo.

Sasa tuitazame sayansi yenyewe, maana hapa ndipo hadithi inapozidi ile ya mkoloni na ukali wake. Udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za Uluguru ni tabaka jembamba tu lililolala juu ya udongo mwekundu usio na chakula cha mmea. Ukikata ngazi pana katika mlima mkali, huna budi kuchimba ndani. Ule udongo mweusi wa juu hufukiwa, na ule wa chini huletwa juani. Mkulima aliyetoa jasho la majuma kadhaa akapanda mahindi juu ya tuta jipya alivuna kidogo kuliko jirani yake aliyekataa. Hakuhitaji shule ili kuliona hilo. Alilipima kwa kikapu. Mtaalamu alikuwa ameupima mtelemko wala hakupima kina cha udongo, naye aliyekijua kina kile kwa mkono wake hakuulizwa.

Tena Mluguru hakuwa mjinga wa kulinda udongo. Katika Mgeta, upande wa magharibi wa milima, watu walikuwa na desturi ya kupanga magugu kwa mistari inayokata mtelemko na kuvutia udongo juu yake, ikawa mistari midogo midogo ya vidaraja. Magugu yakioza huwa mbolea. Kazi hiyo hufanywa pamoja na kulima, haihitaji siku za ziada, wala haileti juu udongo mfu. Wamatengo wa Mbinga nao wana mashimo yao ya ngoro, ambayo yamewashikia udongo milimani kwa vizazi vingi, na hakuna afisa aliyewafundisha.

Lakini tuseme udongo ungekuwa mzuri na mahindi yangestawi. Je, matuta yangekubaliwa? Sisi twadhani la, na sababu yake ndiyo kiini cha makala haya. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ukoo mkubwa huitwa lukolo, na tawi lake huitwa tombo, neno lenye maana ya ziwa la mama. Ardhi kwa desturi ilikuwa ya ukoo, chini ya uangalizi wa mkubwa wake, naye huwagawia walio wake. Mgeni, au hata mume aliyekuja kukaa kwa mkewe, aliweza kuazimwa shamba, naye hutoa ngoto, kitu kidogo cha kukiri kwamba ardhi ni ya wenyewe. Lakini aliyeazimwa hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwani atiaye mti ardhini huanza kusema ardhi ni yake.

Na tuta pana je? Tuta ni kitu cha kudumu kuliko mgomba. Aliyelikata katika shamba la kuazima aliogopa kwamba mwenye ardhi atakuja kulitwaa likiisha. Mwenye ardhi naye aliogopa kwamba aliyelikata hataondoka tena. Na wote wawili, katika nchi iliyokwisha kuona mashamba ya walowezi na ya katani huko bondeni, waliogopa kwamba ardhi iliyonyooshwa vizuri hivi inatayarishiwa mtu mwingine. Amri moja ya kilimo ikawa imegusa mirathi, ndoa na mpaka wa ukoo. Katika karatasi za mpango yalikuwa mambo ya mvua na mtelemko.

Mwezi wa Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, upande wa mashariki. Mawe yakarushwa, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Muda si mrefu baada ya hapo matuta ya lazima yakaachwa. TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu kizaliwe tarehe 7 Julai 1954, kilipata masikio mengi katika milima hii, kwa maana mtu aliyechoshwa na matuta hakuhitaji kuelezwa kwa maneno marefu maana ya kutawaliwa. Usambara nako amri za namna hiyo ziliwafanya wakulima wachukie serikali. Wanahistoria wameyaandika hayo, na wazee wengi wa chama waliyasimulia.

Lakini kuna jambo ambalo wasimuliaji wa ushindi huo hulipita haraka, nasi twalileta makusudi. Udongo haukuacha kwenda kwa sababu mkoloni ameshindwa. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya kiasi cha milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu. Milima ikaporomoka zaidi ya mahali elfu moja. Wataalamu waliofika kupima waliona kwamba karibu maporomoko yote yalianzia katika mashamba na nyika. Yaliyoanzia msituni hayakufikia hata moja katika mia. Nchi ilikuwa huru, wala hapakuwa na Mwingereza wa kulaumiwa. Mvua haina siasa.

Na katika Mgeta hiyo hiyo kuna jambo lingine la kustaajabisha. Matuta mapana, yale yale yaliyolaaniwa Matombo, yaliendelea kutumiwa huko na wakulima wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu ya kabichi. Mgeta kuna baridi, na mboga za Kizungu, yaani kabichi, karoti, viazi na njegere, hustawi. Mboga zina soko Morogoro na Dar es Salaam. Zinataka maji, na tuta lililo sawa hunyweshwa kwa mfereji bila kuchimbika. Zinataka mbolea, na mwenye kutia samadi huponya ule udongo mfu. Katika miaka ya 1980 chuo kikuu cha kilimo kilipeleka huko mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway. Mbuzi hufungwa bandani, hukatiwa majani yaotayo kingoni mwa tuta, na samadi yao hurudi shambani. Hapo tuta lililipa. Mtu akachimba asubuhi bila kutumwa, kwani jioni aliona fedha. Wenzetu wa Machakos, Kenya, walipita njia hiyo hiyo: waliyachukia makingamaji ya lazima chini ya ukoloni, kisha baada ya uhuru wakajenga wenyewe maelfu ya matuta ya fanya juu, walipopata soko na uhakika wa ardhi.

Wala tusipake rangi. Mboga nazo zimeleta mambo yake. Mwenye shamba karibu na mfereji hutajirika kuliko mwenye shamba kavu juu yake. Dawa za kuua wadudu hupulizwa bila glavu wala kinga ya pua, na chombo huoshwa katika maji yateremkayo kwa wengine. Fedha ya kabichi hupita mkononi mwa mwanamume hata pale ambapo ardhi ni ya ukoo wa mke na jembe ni la mke. Bei huamuliwa na mchuuzi mwenye lori. Haya yote ni matokeo ya sayansi kama mavuno yalivyo matokeo yake, na ni makosa kuyaita mambo ya pembeni.

Turudi kwenye maji. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kuipelekea Dar es Salaam maji mwaka 1959, miaka minne tu baada ya Matombo. Wa Ruvu Chini ulifuata mwaka 1976. Mji umekua mara nyingi tangu siku hizo. Mwezi wa Oktoba 2022 Ruvu ulipungua hata maji yakagawiwa kwa zamu, na madumu yakapanga foleni katika mitaa iliyozoea bomba. Siku zile sauti nyingi zilisikika zikisema wakulima wa milimani wazuiwe wasilime vyanzoni. Mfanyakazi aliyekaa siku tatu bila maji tunamwelewa. Lakini atazame vizuri anachodai: anadai ULUS nyingine.

Jaribio la namna nyingine limekwisha kufanywa, nalo halina umaarufu unaolistahili. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi katika Kibungo Juu, kwenye Mto Mfizigo unaoingia Ruvu. Wakulima walikubali kuchimba matuta, kupanda miti na kuacha sehemu zilizochoka zipumzike. Nao walaji wa maji huko chini, yaani mamlaka ya maji ya Dar es Salaam na kampuni ya Coca-Cola, wakatoa fedha za kuwalipa. Katika milima ile ile ambayo mtu alikufa kwa kukataa matuta, watu walisaini kuyachimba. Malipo yalikuwa madogo, na mradi ulikuwa wa muda, kama miradi yote ya wafadhili. Hata hivyo ulikubali neno ambalo mwaka 1955 hakuna afisa aliyelitamka: kwamba kumshikia mtu wa mjini maji yake ni kazi, na kazi ina ujira. Wafanyakazi wa nchi hii, walioungana tangu zamani kudai ujira wao, wangekuwa wa kwanza kuifahamu hoja hiyo.

Chini ya mlima huu, kilomita chache kutoka Kilakala, kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha stashahada, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili. Ujuzi wa kina cha udongo, wa samadi na wa mifereji sasa upo, na upo hapa hapa. Vijana wakitoka madarasani huona vilele kwa macho yao. Kinachokosekana si maarifa. Ni mpango wa kudumu unaomlipa mkulima kwa miaka, si kwa msimu, na unaotambua kwanza shamba ni la ukoo gani na nani amelishika jembe.

Bodi ya Maji ya Bonde la Wami na Ruvu hutoza ada kwa watumiaji wakubwa wa mito hiyo. Sisi twapendekeza kwamba sehemu ya ada hiyo itajwe wazi kwa asilimia, iandikwe kwenye bili ili mlipaji wa Kariakoo na Temeke aione, na ipelekwe kwa vijiji vya vyanzo, Kibungo Juu, Mgeta na Matombo vikiwemo. Kiwango chake kijadiliwe na wanakijiji katika mikutano yao, akina mama wakiwapo, kwani kwa desturi ya Uluguru ardhi inayozungumzwa hupita kwao. Halmashauri ya Morogoro na wabunge wa Dar es Salaam wana nafasi ya kulifikisha jambo hili katika bajeti ijayo ya maji.