Akiba ya Kaseti Huoza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Hapana shaka walisema kweli kwa mambo ya zama zao. Lakini iko akiba moja ambayo yaoza, tena yaoza kimya kimya ndani ya masanduku, huku wenye haki juu yake wamenyamaza. Akiba hiyo ni programu zilizotungwa kwa ajili ya kompyuta za kwanza za nyumbani.

Natutazame mfano wa Uingereza. Tarehe 23 Aprili, 1982, kampuni ya Sinclair Research ilitoa kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum. Bei yake ilianzia pauni 125, nayo ilitumia televisheni ya nyumbani na kinasa sauti cha kawaida. Programu ziliuzwa katika kaseti, na mnunuzi aliicheza kaseti yake akangoja dakika kadhaa mpaka milio yake igeuke kuwa maagizo ya mashine. Programu maelfu zilitungwa hivyo, na nyingi katika hizo zilikuwa kazi za vijana waliokaa peke yao vyumbani mwao. Matthew Smith alikuwa hajatimiza miaka 20 alipoutunga mchezo wa Manic Miner mwaka 1983. Alikuwa akifanya kazi kwa kujitegemea, na kwa hiyo mkataba wake ulimwezesha kuuondoa mchezo huo kwa kampuni iliyoutoa kwanza, akaupeleka kwa nyingine. Huo ndio ubora wa mkataba ulioandikwa.

Walakini si wote waliokuwa na karatasi mikononi. Makampuni mengi ya wakati ule yalifungwa, haki zikauzwa mara moja, mara mbili, mara tatu, na mikataba ikapotea. Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo mtu akitaka kulipa kwa haki, huenda asimpate wa kumlipa.

Sheria nayo haingojei. Katika Uingereza hakimiliki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kufa kwake. Kijana aliyezaliwa mwaka 1965, akatunga programu mwaka 1983, akiishi hata miaka 80, kazi yake italindwa mpaka mwisho wa mwaka 2115. Ni nani aaminiye kwamba utepe wa kaseti utafika mwaka huo? Sheria ile iliyowalazimisha wachapishaji kupeleka nakala ya kila kitabu katika British Library haikuzitaka kaseti za michezo. Basi waliozihifadhi kwa wingi ni watu binafsi wenye mapenzi tu, nao mara nyingi walinakili bila ruhusa.

Je, watu hao ni wezi? Sisi hatusemi hivyo. Wala hatusemi kwamba kitu kisichouzwa tena hakina mwenyewe. Sheria haijui mali iliyotelekezwa ya namna hiyo. Lakini twaona tofauti kubwa kati ya mtu anayenakili kaseti ili isipotee, na mtu anayezikusanya kazi za wenzake mia akaziuza sokoni, akatia fedha mfukoni asimkumbuke mtunzi hata kwa senti. Huyu wa pili anakula jasho la mwingine, na hatuna neno laini la kumwambia.

Upande wa pili wako wenye haki wasiouza, wasiohifadhi, wala wasioruhusu. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba michezo 87 katika kila 100 iliyotoka huko kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikipatikana madukani tena. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa ombi la maktaba la kuwaonyesha watafiti michezo ya namna hiyo wakiwa mbali. Kumzuia mtaalamu asisome kitu ambacho hakiuzwi si kumlinda mtunzi. Mtunzi hapati kitu.

Njia njema iko, nayo imekwisha kupitwa. Kampuni ya Amstrad ilinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986 kwa pauni milioni 5. Mwaka 1999 ilitoa ruhusa kwamba programu ya ndani ya Spectrum, ile inayoiamsha mashine, isambazwe bila malipo pamoja na programu za kisasa zinazoiigiza kompyuta hiyo, ilimradi tangazo la hakimiliki lisifutwe. Amstrad haikupoteza haki yake hata chembe, na kazi hiyo ikaokoka.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Mwenye haki asiyeuza tena na atoe ruhusa kwa maandishi, au aseme bei. Maktaba na majumba ya makumbusho yaruhusiwe kunakili na kuonyesha kabla utepe haujafutika. Na kila anayeuza na amlipe mtunzi kwanza, naye aandike jina lake juu ya kazi yake.

Mtunzi apewe haki yake naye yu hai, na kazi yake ihifadhiwe ili wajukuu waione. Mambo hayo mawili si maadui. Anayeyagombanisha ni yule tu apataye faida kwa kupotea kwa yote mawili.