Skuli Yetu ya Sekondari Ipimwe kwa Mizani Ipi?

Kila mwaka yanapotolewa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, visiwa vyetu hivi huingia katika shughuli moja. Barazani, sokoni Darajani, bandarini Mkoani na ndani ya gari za shamba, watu huulizana swali lilelile: skuli yetu imefaulisha asilimia ngapi? Jibu likiwa zuri, mwalimu mkuu hupongezwa na kamati ya skuli hutembea kifua mbele. Jibu likiwa baya, hutafutwa mchawi. Baada ya wiki mbili mazungumzo hurudi kwenye bei ya samaki na karafuu, na skuli husahauliwa hadi mwaka mwingine.

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi zaidi, kwani Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa likitangaza skuli kumi zilizoongoza na kumi zilizoburura mkia. Januari 2023, lilipokuwa likitangaza matokeo ya mtihani wa mwaka 2022, Baraza liliacha desturi ya kutaja skuli bora na wanafunzi bora. Wako waliolalamika kwamba wamenyang'anywa mizani. Sisi tunaona kwamba mizani ile ilikuwa na kasoro tangu hapo, na kwamba sasa imepatikana nafasi nzuri ya kutafuta iliyo ya haki zaidi.

Suala hili si la kujifurahisha kwa maneno. Kwa asilimia hizo, mzazi wa kijijini huamua kumtoa mwanawe katika skuli iliyo karibu na kumpeleka kwa jamaa mjini, akaishi kwa kubanana. Kwa asilimia hizo, ofisa huamua mwalimu mkuu gani apandishwe cheo na yupi ahamishwe. Na kwa asilimia hizo, watoto wa kijiji kizima huambiwa, pengine bila ya haki, kwamba skuli yao haina maana. Hukumu nzito namna hii yapasa itolewe kwa ushahidi uliotimia.

Maana ya kufaulu

Kwanza hatuna budi kujua neno "kufaulu" lina maana gani. Katika mtihani wa kidato cha nne mwanafunzi huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Alama A ina pointi 1, B ina 2, C ina 3, D ina 4, na F ina 5. Mwenye pointi 7 hadi 17 hupata daraja la kwanza. 18 hadi 21 daraja la pili. 22 hadi 25 daraja la tatu. 26 hadi 33 daraja la nne. Mwenye 34 au 35 hupata sifuri.

Tufanye hesabu. Mwanafunzi aliyepata D mbili, na F katika masomo matano yaliyobaki, ana pointi 33. Huyo yumo katika daraja la nne, na katika hesabu ya jumla ameingia katika waliofaulu. Lakini ili mtoto achaguliwe kuingia kidato cha tano hutakiwa awe na alama C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu. Kwa hivyo skuli inaweza kutangaza kwamba imefaulisha tisini katika mia, na hali wengi wa hao tisini mlango wa kidato cha tano umewafungia. Hakuna aliyesema uongo, lakini mzazi aliyesikia tarakimu hiyo hakuambiwa ukweli wote.

Isitoshe, mizani yenyewe imepata kuyumba. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalishtua nchi nzima, kwani zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na Mei mwaka huohuo matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Karatasi zilikuwa zilezile na watoto walewale, lakini wengi waliokuwa wameanguka wakawa wamefaulu. Baadaye ukaletwa utaratibu wa wastani wa pointi badala ya madaraja, nao haukudumu. Mwaka 2016 madaraja ya zamani yakarejea. Anayelinganisha asilimia za skuli yake mwaka hadi mwaka bila ya kukumbuka mabadiliko hayo, anapima nguo kwa mkono wa mtu mzima leo na kwa mkono wa mtoto kesho.

Nani aliingia, nani alitoka

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba asilimia huhesabu waliokaa mtihanini tu, wala haiwaulizi walioingia kidato cha kwanza na hawakufika mwisho.

Tuseme ziko skuli mbili. Ya kwanza iliandikisha watoto 120 katika kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye 60 walikaa mtihani na 54 wakafaulu. Hiyo ni asilimia 90, na skuli itasifiwa. Ya pili iliandikisha 100. 90 walikaa mtihani na 63 wakafaulu. Hiyo ni asilimia 70, na mwalimu mkuu wake ataitwa ajieleze. Lakini tukiwarudia wale walioingia, tunaona kwamba ya kwanza imewafikisha salama 45 katika kila mia, na ya pili 63. Ni ipi iliyofanya kazi kubwa zaidi?

Mkulima wa karafuu anaielewa hesabu hii bila ya kufunzwa. Ukitaka kujua ustadi wa mwanikaji, hutazami tu gunia la daraja la kwanza alilolifikisha kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa. Utauliza pia ni pishi ngapi zilizomwagwa jamvini, ni ngapi zilizonyeshewa mvua, na ngapi zilizoachwa zikaota ukungu. Kama tunazijali karafuu kiasi hicho, sembuse watoto.

Wako wanaoondoka kwa sababu njema, kama vile kuhama na wazazi. Wako wanaozuiliwa na mtihani wa kidato cha pili. Lakini wako pia wanaopotea kimyakimya. Siku hizi katika madarasa ya juu ya sekondari hapa Zanzibar wasichana ni wengi kuliko wavulana. Ni jambo la kufurahia kwamba mtoto wa kike amekaa imara darasani. Zamani haikuwa hivyo. Ila yapasa tuulize wavulana wamekwenda wapi. Wengine wako dago na wavuvi, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wanazurura pwani wakiwasubiri watalii. Msimu wa karafuu nao huwatoa wengi darasani, na baadhi yao hawarejei. Skuli inayowafuata watoto hao, ikamtuma mwalimu kwa sheha na kwa wazee wao hadi warudi, inafanya kazi ambayo hakuna asilimia inayoionyesha. Pengine huadhibiwa kwa wema huo, kwani mvulana aliyerudishwa kutoka dago ndiye anayeweza kupata sifuri.

Kuna na jambo la kuchagua. Tunazo skuli na madarasa ya michepuo na vipawa, ambayo huwapokea watoto waliokwisha kuonyesha uhodari katika mitihani ya chini. Utaratibu huo una faida zake nasi hatuupingi. Lakini tunapozilinganisha skuli hizo na skuli ya kisiwa kidogo, ambayo hupokea kila mtoto anayeletwa mlangoni na tayari imeondolewa wale hodari wake, tunashindanisha jahazi lenye tanga zima na ngalawa ya kafi moja. Uingereza ilianza kuchapisha matokeo ya kila skuli mwaka 1992. Ilipofika 2016 ilikuwa imekubali kwamba alama za mwisho pekee hazitoshi, ikaanza kuhesabu hatua aliyoipiga mtoto tangu alipoingia sekondari hadi alipotoka. Sisi tunayo mitihani ya msingi na ya kidato cha pili. Tukitaka, tunaweza kumlinganisha kila mtoto na alikotoka.

Mtihani usidharauliwe

Isidhaniwe kwamba tunautupa mtihani. Mtihani wa taifa una fadhila moja kubwa: mtoto wa mkubwa na mtoto wa mvuvi wa Kojani hupewa karatasi ileile, siku ileile, na msahihishaji hamjui huyu wala yule. Pasipokuwa na mtihani, nafasi zingegawiwa kwa kujuana. Yaliyosemwa mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na yaliyoamuliwa Musoma mwaka 1974, hayakuwa ya kufuta mitihani, bali yalipinga mtu kuhukumiwa kwa mtihani peke yake. Kama hilo ni kweli kwa mtu, ni kweli vilevile kwa skuli.

Basi mtu aingie skuli atazame nini? Atazame kwanza kama vipindi vilivyoandikwa katika ratiba hufundishwa kweli. Skuli inaweza kuwa na jengo la ghorofa na vikalio vipya, lakini kama kipindi cha hesabati hakina mwalimu tangu Januari, jengo hilo halitamfundisha mtoto. Aende maabara aone kama meza zina dalili ya kutumika au mlango umefungwa kwa kufuli na chupa hazijafunguliwa. Apitie madaftari aone kama yana kalamu ya mwalimu. Atazame vyoo na maji, maana msichana asiyepata faragha skuli hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi.

Na amwombe mwanafunzi wa kidato cha pili aeleze kwa Kiswahili lile aliloliandika kwa Kiingereza. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na watoto wetu wengi hawaisikii lugha hiyo nje ya darasa. Anayeweza kueleza kwa lugha ya mama yake ameelewa. Asiyeweza, huenda amenakili ubao tu. Jaribio hili halina gharama, na mkaguzi akilifanya katika madarasa matatu atapata habari nyingi kuliko katika ripoti ya kurasa hamsini.

Taarifa ya ukurasa mmoja

Pendekezo letu kwa wakuu wa elimu ni jepesi. Kila skuli ya sekondari ya Serikali, Unguja na Pemba, itoe kila mwaka taarifa ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ibandikwe skuli na kwa sheha. Taarifa hiyo ieleze mambo matano. Watoto wangapi waliingia kidato cha kwanza miaka minne iliyopita, wangapi wamefika kidato cha nne, na waliobaki wako wapi. Matokeo kwa kila daraja, pamoja na idadi ya waliopata C tatu au zaidi. Vipindi vingapi vilipangwa na vingapi vilifundishwa. Walimu wa hesabati na sayansi waliopo na wanaotakiwa. Na mahudhurio, wavulana mbali na wasichana mbali.

Habari hizi hazihitaji fedha mpya. Zote zimo katika madaftari ya mahudhurio, katika ratiba na katika makabati ya walimu wakuu. Kinachotakiwa ni ruhusa na amri ya kuzitoa nje.

Wako watakaosema kwamba taarifa hiyo itazifedhehesha skuli. Sisi tunaona kinyume chake. Mwalimu mkuu anayepewa walimu wawili wa sayansi badala ya sita leo hubeba lawama peke yake. Taarifa hiyo itaonyesha mzigo huo ni wa nani. Ofisa anayepanga walimu ataona waziwazi kwamba wamerundikana mjini na visiwa vidogo vimeachwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi na waandike wanaokilalia.

Wazazi nao wasijitoe. Mkutano wa kamati ya skuli huitishwa na wakaja wazee kumi, na siku ya matokeo wakaja mia moja kulalamika. Anayetaka haki ya kuihukumu skuli na aende akaitazame katikati ya mwaka, wakati bado kuna la kurekebisha.

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar. Kabla ya hapo nafasi ya sekondari ilikuwa ya wachache, na mali na nasaba zilikuwa na sauti kubwa. Tangazo lile lilimfungulia mlango mtoto wa kila kabwela, na kila mwaka tunaiadhimisha siku hiyo kwa haki. Lakini ahadi ile haikuwa ya mlango tu. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza katika skuli ya kijijini ana haki ya kuulizwa habari zake miaka minne baadaye: alifika, hakufika, na kama hakufika aliachwa wapi. Skuli inayoweza kujibu hayo kwa kila mtoto wake, na Wizara inayouliza hayo kila mwaka, ndizo tutakazoziita bora.